Bibi Hana Mfanyakazi

Ukitaka kuwa ndugu wa bibi yangu, si lazima uzaliwe naye. Inatosha kupiga hodi.

Fundi bomba alikuja kwetu kurekebisha bomba la jikoni lililokuwa likivuja. Aliingia akiwa fundi, akatoka akiwa mtoto wa Bibi, tena mtoto aliyegombezwa kwa kukonda. Daktari wa meno alifanywa mjukuu Bibi akiwa ameachama, vidole vya daktari mwenyewe vimo kinywani mwake. Sijui Bibi alitumia ulimi upi. Mwanamke anayeuza nyanya pale kwenye kona ni mkwe wake, ingawa hakuna mtu wa nyumba hii aliyewahi kumposa. Na mimi, mjukuu wake wa damu, ni mke mwenzake, kama mabibi wengi wanavyowatania wajukuu wa kike. Tofauti ni kwamba wangu ana wivu wa kweli. Nikipakuliwa kipande cha nyama kikubwa kuliko chake, nyumba haikaliki.

Huyu ni mwanamke aliyeshona sare za shule tangu ujana wake. Mtaa wetu una watu wazima wachache sana ambao Bibi hajawahi kuwapima kiuno. Kila sketi na kila suruali aliiachia pindo refu kwa sababu "mtoto ni wa kukua," na kuna watu wenye vyeo vyao leo ambao walimaliza shule bado hawajalifikia pindo la Bibi. Wakikutana naye njiani huvuta tumbo ndani bila kujijua.

Siku hizi macho yake yamechoka, vidole vimekakamaa, na magoti, kwa maneno yake mwenyewe, "yamestaafu bila kuniaga." Cherehani imebaki sebuleni, imefunikwa kitambaa kama mgonjwa. Mama yangu, ambaye ndiye binti yake, ni mkunga, na zamu za wakunga hazina huruma. Baba anaendesha lori la masafa marefu. Tunamwona kwa nadra kama mvua ya kiangazi. Ndiyo maana akaletwa Dada.

Dada anatoka ng'ambo ya mpaka, nchi nyingine kabisa. Kwa watu wengine angeitwa dada wa kazi. Kwetu, Bibi aliyakata yale maneno mawili ya mwisho kama anayekata uzi uliozidi, akabaki Dada. Ole wako usahau ukayarudisha mbele yake.

Msidhani walianza kwa mapenzi. Siku Dada alipofika, Bibi alinuna hadi mashavu yakafanana na maandazi.

"Mimi niletewe yaya?" alimuuliza Mama. "Nimerudi kunyonya?"

Dada aliiona sindano mezani, na kando yake uzi uliolambwa ncha mara nyingi hadi umekuwa kama mkia wa panya. Akauchukua, akaukata ncha, akautia tunduni, akaurudisha mahali pake. Kisha akauliza ndoo ziko wapi. Kabla jua halijazama Bibi alikuwa ameshatoa tangazo: "Huyu mtoto ni wangu. Asiguswe na mtu."

Hivyo ndivyo tulivyoishi, hadi kibali cha Dada cha kufanya kazi kilipokaribia kwisha.

Mimi nilikuwa nadhani ukishavuka mpaka umevuka, basi. Kumbe! Nilimwandama Mama kwa maswali mpaka akanijibu huku akipiga pasi gauni lake jeupe la kazini.

"Viza ni kufunguliwa mlango," alisema. "Kibali ni kupewa kiti. Ukiingia kwa viza peke yake, umo ndani lakini umesimama."

Na kiti chenyewe kina masharti. Aliyekuombea kibali ndiye utakayemfanyia kazi. Huwezi kuhamia kwa jirani eti kwa sababu televisheni yake ni kubwa. Ukilala nyumbani kwa mwajiri, lazima uwe na chumba chako, chenye dirisha, na mlango unaofungika kwa ndani. Upimwe afya, mkataba utiwe saini, pasipoti uishike mwenyewe, na kila wiki upate siku nzima ya kupumzika. Tena, hapo ndipo nilipotoa macho, usiwe na undugu wowote na mwajiri.

"Kwa nini ndugu hawezi?" nikauliza.

"Kwa sababu kuna watu wangehamisha ukoo mzima kwa jina la kufagia," Mama akasema. "Na kuna wengine, wakishamwita mtu ndugu, wanasahau kumlipa."

Tukatazamana. Kisha wote wawili tukageuka kumtazama Bibi, aliyekuwa amesinzia kwenye kiti chake, au amejifanya.

Afisa uhamiaji angekuja nyumbani kukagua kabla kibali hakijaongezwa muda. Mama, ambaye haachi jambo lizaliwe lenyewe, akaitisha mazoezi sebuleni. Yeye ndiye afisa. Mwiko ndio kalamu.

"Shikamoo, mama," alianza kwa sauti nzito.

"Marahaba. Mbona asubuhi umeniamkia tayari?"

"Mama! Mimi sasa ni afisa."

"Haya, afisa. Unywe chai?"

"Sinywi. Huyu ni nani?" Mama akamwelekezea Dada mwiko.

Bibi akafungua mdomo, akaufunga, akafikiri. "Ni msaidizi."

"Msaidizi wa nani?"

"Wa Mungu."

Dada aliangua kicheko mpaka akakaa sakafuni. Mama hakucheka, au alicheka kwa upande wa pili wa uso.

"Sema ni mfanyakazi. Neno moja tu, Mama. Mfanyakazi."

"Nimtukane mtoto wa watu mbele ya mgeni?" Bibi akafoka. "Mtu anayenikanda miguu hii, niinuke nimwite mfanyakazi, kama nimemwokota kibaruani?"

"Si tusi, ni sheria."

"Basi sheria yenyewe haikufundwa."

Afisa wa kweli alikuja asubuhi, nikiwa likizo, kwa hiyo niliyaona yote. Alikuwa kijana mrefu, koti limembana mabegani, mkoba ameukumbatia kifuani kama ngao. Ngao haikumsaidia. Bibi alimpokea mlangoni akiwa ameoga, ameng'aa, amevaa gauni la kutokea, na kabla mguu wa pili haujavuka kizingiti alikuwa ameshamshika bega.

"Nani alikushonea hili koti, mwanangu? Amekuonea."

"Mimi ni afisa uhamiaji, mama. Nimekuja kikazi."

"Kazi haikimbii. Mabega yako yanalia. Kaa."

Alikaa. Sijawahi kumwona mtu aliyeambiwa na Bibi akae akabaki wima. Hata hivyo, nampa sifa yake: chai aliikataa mara mbili, akatoa karatasi, akaanza. Maswali aliyomuuliza Mama yalikwisha salama. Halafu akamgeukia Bibi.

"Na huyu dada, ni nani hapa nyumbani?"

Mama akakohoa. Mimi nikakohoa. Dada akatazama dari kana kwamba jibu limeandikwa huko.

"Huyu?" Bibi akasema, akamvuta Dada mkono hadi wakashikana kiuno. "Huyu ni mwanangu. Kitinda mimba wangu."

Afisa akaitazama karatasi, akamtazama Dada, akairudia karatasi. "Umemzaa wewe?"

"Uzeeni," Bibi akajibu bila kupepesa.

"Mama anatania," Mama akadakia, "ndiyo mazoea yake, hata fundi bomba ni..."

"Mimi siandiki mazoea," afisa akasema taratibu. "Naandika majibu."

Akaomba kuona chumba. Dirisha lilikuwepo, zuri, lenye pazia alilolishona Dada mwenyewe. Lakini karibu na kitanda kulikuwa na kiti cha Bibi, blanketi la Bibi, redio ya Bibi na miwani ya Bibi, maana mchana Bibi hupenda kupumzikia humo. Anasema upepo wa chumba kile una adabu. Afisa akautazama mlango kwa ndani. Komeo la ndani lilikuwa limeng'olewa zamani, matundu ya misumari tu yamebaki.

"Watoto wa nyumba hii hawajifungii," Bibi akamweleza kwa fahari.

"Siku yako ya mapumziko ni ipi?" afisa akamuuliza Dada.

"Jumapili."

"Jumapili iliyopita ulikwenda wapi?"

Dada akashusha macho. "Nilikwenda na Bibi kumjulia hali mgonjwa."

"Iliyotangulia?"

"Na Bibi. Kupeleka nguo kwa mtu."

"Hatuachani!" Bibi akasema. "Kama kidole na pete."

Hapo ndipo nilipoacha kucheka. Nilijaribu kukumbuka Jumapili ambayo Dada alitoka peke yake. Nikaikumbuka moja, na hiyo alikwenda kutununulia mkate.

Afisa hakupandisha sauti. Alisema kwamba yeye hawezi kuongeza kibali cha kazi kwa mtu ambaye nyumba nzima inakana kwamba anafanya kazi. Ikiwa ni ndugu, maombi ni ya uongo. Ikiwa si ndugu, basi chumba chake kiko wapi, na siku yake iko wapi? Tufike ofisini kwake wiki hiyohiyo: mwajiri, mfanyakazi, na mzee anayehudumiwa. Majibu yakiwa haya haya, kibali kitakwisha na Dada atarudi kwao.

"Mwanangu," Bibi akamwita alipokuwa anavuka kizingiti, "hilo koti lilete nilitanue."

Alisita. Naapa alisita. Kisha akaenda zake.

Mama akatoka kwenda zamu bila kumuaga mtu. Dada akaingia jikoni, akaanza kumenya viazi kana kwamba vimemkosea. Mimi nikajifanya naosha vikombe, na kikombe kimoja nilikiosha mpaka kikanihurumia. Baadaye Bibi akaja, mkono ukitambaa ukutani.

"Nimekuharibia, mwanangu?"

"Umeniharibia, Bibi."

Sikuwahi kumsikia Dada akimjibu hivyo. Bibi naye hakuwahi, kwa sababu alitafuta stuli na kukaa.

"Nilikuwa nakupandisha cheo!"

"Mama ninaye," Dada akasema. Kisu hakikusimama. "Sikio lake moja tu ndilo zima, na simu anaazima kwa shangazi Jumapili mchana. Ananisubiri mimi. Na Jumapili mchana mimi niko na wewe, tunawatembelea wagonjwa usiowajua vizuri."

"Nawajua!"

"Yule wa juzi ulimkosea mguu. Ulimpa pole ya mguu mzima, ukaukanda na kuukanda."

"Mbona alishukuru?"

"Angefanyaje, na wewe umemshika?"

Bibi akacheka kwa pua, kicheko kikaishia njiani.

"Mbona hukuniambia kuhusu mama yako?"

"Mtoto anamwambiaje mama yake kwamba anataka siku ya kumkimbia?" Dada akaweka kisu chini. "Wewe uliitwa fundi miaka yote. Ulikasirika?"

"Nikasirike nini? Nilikuwa fundi, bwana!"

"Basi. Mimi nilipanda basi, nikatolewa damu, nikasimama mpakani na pasipoti mkononi, yote kwa ajili ya kazi. Niite mfanyakazi, Bibi. Kupendana tutaendelea nako nyumbani."

Bibi alichukua kisu kingine na kiazi, akajaribu kumenya. Kiazi kikamponyoka, kikabingirika hadi chini ya jokofu, na sote watatu tukakiacha huko.

Ofisini kulikuwa na foleni, na foleni kwa Bibi ni shamba lenye rutuba. Hadi tunalifikia dirisha alikuwa ameshapata wakwe wawili na mwana anayesomea uuguzi. Lakini niliona kwamba kila jina lilipoitwa dirishani, alikuwa anasahau alichokuwa akikisema. Dada alishika pasipoti yake kwa mikono miwili mpaka ikaanza kujikunja.

Afisa alikuwa yuleyule. Koti lilikuwa limetundikwa nyuma ya kiti. Nadhani nalo lilihitaji kupumua.

"Nakuuliza tena, mama," akasema. "Huyu ni nani?"

Bibi akavuta pumzi.

"Ni mfanyakazi," akasema, kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

Nilitaka kupiga makofi. Mama alinifinya kabla sijaanza. Lakini afisa hakuinua hata kichwa.

"Anafanya kazi gani?"

"Kazi za nyumba. Anafagia, anapika..."

"Hapa imeandikwa kwamba yuko kwa ajili ya kukuhudumia wewe. Nami nilikukuta umeoga, umependeza, umesimama mlangoni unapima mabega yangu." Hapo nadhani alitaka kutabasamu, akajizuia. "Lazima niandike kama kazi hiyo ipo au haipo. Anakuhudumia nini?"

Nyuma yetu watu walikuwa wamesogea, na ukumbi ule unabeba sauti. Nikamwona Bibi anautafuta mzaha. Namjua anapoutafuta: hubana jicho moja, kama anayeitafuta pini sakafuni. Safari hii hakuupata.

"Ananiogesha," akasema.

Mama akainua uso.

"Siku ile uliyokuja aliniogesha kabla hakujapambazuka vizuri, ili unikute nang'aa. Mkono huu hauinuki kupita sikio. Vifungo vya gauni ananifunga yeye, maana vidole hivi havikioni kifungo wala havikisikii. Na nikienda msalani ananishika. Nilianguka humo siku moja. Binti yangu hajui."

"Mama," Mama akasema. Alisema hilo tu. Mwanamke ambaye kutwa nzima yuko na miili ya watu, ambaye hujua kwa kutazama mwendo tu kwamba mtu anaumwa wapi, alikuwa amesimama pale kama mwanafunzi aliyekosa jibu.

"Ndiyo ujue sasa," Bibi akamwambia, kisha akamrudia afisa. "Nikisema ni mwanangu, basi ni mama na mwanawe, mambo ya nyumbani, nani anauliza? Nikisema ni mfanyakazi, mimi ndiye kazi. Umeelewa? Mimi niliyevisha mji huu. Haya, andika."

"Pole, bibi," mtu mmoja akasema nyuma kwenye foleni.

Bibi akageuka. "Pole ya nini? Wewe simama wima! Mgongo huo utakudai ukizeeka."

Watu wakacheka, Bibi akapata rangi yake tena. Afisa aliandika kwa muda. Halafu akasema masharti: komeo lirudishwe, kiti na redio vitoke chumbani, na Jumapili iwe ya Dada tangu asubuhi hadi jioni, bila wagonjwa. Akamtazama Dada.

"Na wewe mwenyewe, unataka kubaki?"

Nikashtuka. Mazoezi yote yale, mwiko ule wote, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Nataka," Dada akasema. "Na Jumapili naitaka pia."

Muhuri ukagonga. Bibi akaruka kidogo, akasema mtu agongaye meza hivyo hajafunzwa na mama yake, na akamwachia afisa salamu za mama huyo.

Jumapili iliyofuata Dada alitoka baada ya chai, amevaa viatu vyekundu ambavyo sikujua kama anavyo. Mama alikuwa zamu. Kwa hiyo nikabaki mimi, ndoo, na mke mwenzangu.

"Sugua," Bibi akaniambia nikiwa nyuma ya mgongo wake. "Usipapase, sugua."

"Nitakuumiza."

"Unanitekenya. Wewe ungeomba kibali cha kazi hii, wangekurudisha ukiwa bado kwenye basi."

Mgongo wake ni mdogo. Nilidhani ni mpana, labda kwa sababu ya sauti. Nilimfunga vifungo nikavipishanisha, gauni likapanda upande mmoja na kushuka mwingine, na fundi wa mji mzima akakaa nalo hivyo hivyo kutwa, bila neno, jambo ambalo kwa Bibi ni zawadi. Aliomba kiti kiwekwe karibu na mlango. Alisema anafuata upepo. Upepo gani huo, kila viatu vikisikika njiani unamgeuza shingo?

Dada alirudi jua likiwa limelegea, nywele amesukwa upya, uso umechangamka. Alituamkia, akavifungua vile vifungo vya Bibi na kuvifunga upya palepale, kisha akaketi nasi mezani. Bibi alivumilia. Nilimwona akivumilia, mshipa wa shingo ulisimama. Alivumilia mpaka chai ikamiminwa.

"Ulikuwa wapi?"

"Mapumzikoni."

"Hilo najua. Mapumzikoni wapi?"

Dada akakoroga chai yake polepole, akaonja, akaongeza sukari, akanywa. Jibu nalo lilikuwa mapumzikoni.